Milimita Nane za Majani ya Mama

Jumanne, 10 Juni 2025. Ibra.

Joto digrii arubaini na sita. Idi imekwisha, nyama imekwisha, mdogo wangu Khelef karudi kwake Nizwa. Alhamdulillahi kwa hilo la mwisho.

Kaacha maneno nyuma. Siku ya Idi, majlisi imejaa wageni, kasema tena kuwa Mama ahamie kwake. Eti Nizwa ana chumba cha chini, hakuna ngazi, hospitali iko karibu, macho yake yatatazamwa. Eti mimi peke yangu siwezi. Mimi! Mtoto wa kwanza, mstaafu wa stoo ya serikali, ninayekaa na Mama tangu mke wangu aliporejea kwao!

Mama aliuliza tu ng'ombe wake atakula nini huko Nizwa, mazulia? Watu wakacheka. Nikafurahi.

Ndipo Khelef alipotaka kunifedhehesha. "Kaka Humoud, nishinde tenisi mara moja. Mara moja tu, wallahi, na jina la Nizwa sitalitaja tena mbele ya Mama mpaka nife." Miaka kumi na moja tunacheza, kwenye saruji ya klabu. Miaka kumi na moja ananishinda. Watu wakacheka zaidi kuliko mara ya kwanza.

Nimekubali. Anarudi likizo ya mwaka mpya wa Kiislamu, Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Nina siku kumi na saba. Akinishinda, ataanza upya kumwimbia Mama Nizwa, na safari hii sitakuwa na uso wa kumjibu.

Jumatano, 11 Juni.

Nimegundua jambo! Televisheni, saa nne asubuhi. Mabingwa wametoka kwenye udongo mwekundu wa Paris na wana wiki tatu tu kabla ya nyasi za London. Mtangazaji kasema kwenye nyasi kila mtu ni mgeni. Mpira unateleza, hauruki. Bingwa wa dunia anakwenda hatua ndogondogo kama mtoto anayejifunza kusimama.

Nimesita hapo. Kila mtu ni mgeni. Hata Khelef.

Kumbe sihitaji kucheza vizuri. Nahitaji yeye acheze vibaya. Tutacheza juu ya nyasi. Kashasema nimshinde, hakusema juu ya nini.

Nimejaza kurasa mbili: magoti yakunjwe mpaka makalio yalalamike. Mpira ukatwe kwa chini. Ukishaanzisha, ukimbilie wavuni kabla hujafikiri. Nyasi zikatwe milimita nane, si saba wala tisa.

Tatizo moja. Ibra haina nyasi.

Alhamisi, 12 Juni.

Raundabauti ya barabara kuu ina nyasi! Nimekwenda saa kumi na mbili asubuhi na raketi. Nzuri mno, laini. Nimekunja magoti mara nane. Polisi kasimamisha gari, kaniuliza kwa adabu kama nimepotea. Nimemwambia najitayarisha kwa msimu wa nyasi. Kaniuliza, "Ya ammi, nyumbani una watu?" Kisha kanirudisha kwa gari lake, nimekaa nyuma. Jirani Nizar alikuwa nje, kaona yote.

Faida ya safari: nimejuana na wakata nyasi wa raundabauti. Wana mashine.

Ijumaa, 13 Juni.

Baada ya sala nimesimama dirishani. Mama alikuwa kondeni, chini ya mitende, na fimbo yake, akipapasa majani ya ng'ombe wake. Waarabu wa huku huyaita qatt. Aliyapanda mwaka aliofariki Baba, miaka sita sasa, na kila alfajiri anashuka kukata fungu moja kwa mkono. Macho yameingia ukungu lakini mundu haujawahi kumkata. Akishamlisha Marashi, ng'ombe wake, hukaa naye kitako na kumpa habari za mji.

Majani ya kijani. Mazito. Sawasawa kama zulia.

Nimeshuka kupima. Upana unatosha. Urefu umepungua mita mbili na mtende mmoja umesimama ndani ya kiwanja, pembe ya kulia. Si neno. Mtende nitauzoea mimi. Khelef hataujua.

Jumamosi, 14 Juni.

Mashine imekuja kwa saa mbili. Nimeishusha mpaka mwisho. Yakapigwa! Nimepima kwa rula: milimita nane, pengine saba.

Mama kauliza kelele gani zile. Nimemwambia gari la taka. Kauliza mbona linanuka majani mabichi. Nimesema limetoka sokoni. Masika, mfanyakazi wetu kutoka Tanga, alikuwa amesimama nyuma ya Mama na sinia. Kanitazama kama ninavyotazama hesabu za kugawanya.

Asubuhi Masika atampelekea Marashi yaliyokatwa, na Mama nimemshauri apumzishe miguu kwa sababu ya joto. Hakupenda. Lakini mimi ndiye mkubwa.

Jumatatu, 16 Juni.

Kiwanja cha nyasi kinatakiwa kikauke kiwe kigumu. Wanasema hata London wanaomba mvua isinyeshe. Leo ilikuwa zamu yetu ya maji ya falaji, mfereji wa mji wa kumwagilia makonde. Inakuja kila siku nane, tangu enzi za babu. Nimempa Nizar, pamoja na ya wiki ijayo.

Nizar hakuamini. Kwa joto hili mtu anagawa maji? Kaniuliza kama ninaumwa. Kaniuliza kama Mama anajua. Kisha, kabla sijajibu, kakimbilia mfereji na jembe lake. Jioni kaniletea rutabu, tende mpya laini, sahani nzima. Jirani mwema.

Nimejaza pipa maji na kulibingirisha juu ya majani, kwenda na kurudi mara arubaini. Yanalia chini kama biskuti.

Jumatano, 18 Juni.

Viatu. Mabingwa wana viatu vya nyasi, vyenye vipele chini visiteleze. Ibra hakuna. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta vipele. Nimevipata! Mkeka wa mpira wa bafuni kwa Mama. Nimekata nyayo mbili na kuzigandisha kwa gundi. Nimejaribu sebuleni: nimeganda kama mjusi.

Alhamisi, 19 Juni.

Mama kateleza bafuni. Hakuanguka sana. Masika alimdaka mkono, goti tu ndilo lililogonga. Khelef kapiga simu, sijui nani kamwambia. Kauliza ule mkeka alioununua yeye uko wapi. Nimesema umeoshwa, haujakauka. Si uongo kabisa. Jana niliuosha kabla ya kuukata.

Nimefikiri kuvirudisha vipele. Gundi imekataa.

Jumamosi, 21 Juni.

Mazoezi na Masika. Kagoma kwanza. Kasema mkataba wake umetaja kupika, kufua na kumwangalia Bibi, haukutaja mipira. Nimemwahidi Ijumaa mbili za mapumziko. Kachukua sufuria ya kukaangia badala ya raketi.

Sita kwa moja. Kwake.

Kasema, "Pole baba, labda jua." Kasema na majani yanageuka rangi, nimeona? Nimemwambia hata London hugeuka rangi wiki ya pili. Kasema, "Huko London kuna ng'ombe anayasubiri?"

Bingwa hajibizani mazoezini.

Jumapili, 22 Juni.

Makalio yamelalamika, kama ilivyoandikwa. Mabingwa hukaa ndani ya maji ya barafu. Nimenunua mifuko sita ya barafu dukani, nimeimwaga kwenye hodhi la Marashi, nimejitosa. Dakika ya tatu Marashi kaja kunywa. Hakuondoka. Tumetazamana. Amekonda ubavuni, au ndivyo nilivyomwona kwa kuwa nilikuwa chini yake.

Jumanne, 24 Juni.

Nimechora mistari kwa chokaa. Maridadi! Mistari haikuonekana sana kwa sababu kiwanja nacho kinaelekea weupe.

Majani yaliyokatwa yamekwisha. Nimemtuma mtu aniletee marobota makavu kutoka Bidbid, njia panda, Marashi ale hayo. Nani atajua?

Mama kajua. Kaonja maziwa ya chai, kaweka kikombe. "Humoud mwanangu, huyu ng'ombe anakula gazeti?" Nimesema ni joto. Kasema joto hili analijua tangu tuliporudi kutoka Unguja, halijawahi kunuka karatasi.

Alhamisi, 26 Juni.

Nimemkuta Mama kondeni. Kashuka peke yake, pole pole, goti limefungwa kitambaa. Kakaa chini kwenye mstari wa nyuma, kiganja kimelala juu ya ardhi, vidole vina chokaa.

Kauliza maji yetu yalipita juzi? Nimesema yalipita.

Kauliza yalipita kwa nani?

Nimejifanya kukaza wavu. (Ni wavu wa kufunikia tende. Unafaa sana.) Alikaa mpaka jua likamfikia. Kisha kaniomba mkono, nimemnyanyua. Mwepesi! Sikuwa nimejua. Njiani kasema tu ardhi imekuwa ngumu kama kichwa cha mtu fulani. Nadhani kamkusudia Nizar.

Nimelala mapema. Kesho ndiyo kesho.

Ijumaa, 27 Juni.

NIMESHINDA!

Niandike kwa utaratibu. Khelef kafika baada ya Alasiri. Kaona kiwanja, kasimama. "Kaka, hii si qatt ya Mama?" Nimemwambia hii ni nyasi, na kama anaogopa aseme. Kasema haogopi, anauliza tu. Nimemwambia bingwa haulizi.

Kacheza kama ng'ombe kwenye vigae. Mpira hauruki hata kidogo! Anasubiri urefu wa kiuno, unampita kwenye vifundo. Mara tatu kagonga mtende. Mimi nimeganda kwa vipele, nimekunja magoti, nimekata kila mpira kwa chini. Nne kwa nne kateleza, kakaa kitako, vumbi la chokaa likampanda mpaka ndevuni. Sita kwa nne!

Nimepiga kelele mpaka Nizar katoa kichwa ukutani. Khelef kanipa mkono. Lazima niandike haki: hakubisha. Kasema neno lake ni neno, Nizwa hataitaja.

Mama alikuwa kwenye kiti chini ya mtende wa pili. Kauliza nani kashinda. Nimemwambia mimi, Mama, mimi! Kasema, "Mashallah. Sasa nipelekeni ndani."

Jumamosi, 28 Juni.

Sielewi.

Kifungua kinywa. Mkate wa kumimina, chai ya rangi, Mama kakataa maziwa. Khelef anaongea habari za barabara tu, anajilinda mdomo. Mama kamkata. "Khelef, gari lako lina nafasi?"

Khelef kanitazama mimi, kamtazama yeye. "Mama, mimi nimeahidi sitataja."

"Hujataja wewe. Nimetaja mimi."

Nimesema lakini nimeshinda! Mama kanigeukia na yale macho yake ya ukungu, kanishika shavu, kama zamani nilipokuwa na homa. "Najua, mwanangu. Umeshinda. Hongera." Kisha kasema alikuwa na sababu mbili za kubaki hapa. Moja imekufa kiu na ya pili inakonda. Nilingoja anitaje mimi kuwa sababu ya tatu. Kaomba sukari.

Saa tano binamu yetu kaja na pikapu kumchukua Marashi, kwenda shambani kwake Jalan Bani Bu Ali. Huko kuna majani. Mama kaongea naye sikioni muda mrefu, sijui kamwambia nini. Saa saba wameondoka wote. Masika yuko nyuma na mabegi, mkeka mpya wa bafuni mapajani, bado una karatasi ya dukani. Kanipungia.

Khelef kashusha kioo. Macho mekundu. "Kaka, njoo Ijumaa ule." Aliyeshindwa hamwaliki aliyeshinda.

Jumapili, 29 Juni.

Nyumba ina mwangwi. Nimekohoa chumbani, nikajisikia sebuleni.

Nimekwenda kwa mazoea kumwamkia Mama. Kitanda kimetandikwa. Kwenye msumari kanga yake ya kushukia kondeni, na mundu umelala juu ya dirisha, umefutwa, una mafuta. Hakuuchukua. Chakula cha mchana nimekula rutabu za Nizar.

Jumatatu, 7 Julai.

London wako kwenye nyasi wiki ya pili. Mistari ya nyuma imekuwa vumbi tupu kama ya kwangu. Hakuna wa kumwonyesha.

Zamu ya maji ilipita tarehe mbili. Nimeyafungulia yote kondeni. Yamesimama juu, hayakuingia. Nizar kanisaidia kutazama.

Leo Mama kapiga simu. Sauti nzuri. Daktari kamtazama macho, jicho la kulia litasafishwa mwezi ujao. Goti limepoa. Marashi kanenepa: Mama kapelekewa picha, kaelezwa na Masika. Anauliza ninakula nini. Nimesema ninakula vizuri. Kajua.

Kisha kanipa habari. Khelef ana bustani nyuma ya nyumba, kamwachia yote. Baridi ikianza atang'oa mapambo, apande qatt, na Marashi arejeshwe kwake. Kasema siku hizi asubuhi hushuka peke yake, bila viatu, kupapasa tu. "Nyasi zake laini, Humoud mwanangu. Nzito, sawasawa. Miguu inazama. Nikikanyaga nakukumbuka, uje unisaidie kulima."

Nimegeuza uso ukutani ingawa hakuna mtu wa kuniona.

Nikamuuliza ina urefu wa mita ngapi.

Nikasikia simu inabadilisha mikono, nikasikia pumzi ya Masika, kisha ikakatika. Itakuwa mtandao.

Si neno. Kiwanja kamili cha tenisi ni mita ishirini na tatu nukta saba saba. Khelef akinipa uwanja wake wa nyumbani na nikamshinda hapohapo, na dau likawa Mama arudi, atasema nini? Ijumaa ninakwenda kula. Futikamba nimeshaitia garini, na viatu.