Ng'ombe Arobaini na Mmoja Kukataliwa Kuwa Watumiaji

Kasokola,
Mpanda.

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kupima Mawazo ya Biashara za Elimu Mtandaoni.

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, pole na kazi.

Mimi ni Masele, mfugaji, yule mliyemtoa wa kwanza kwenye shindano lenu pale Kashaulili. Wazo langu lilikuwa kumfungia dume langu Mkaguzi spika shingoni, yenye kadi ya masomo yaliyorekodiwa, ili binti yangu Minza asome akiwa machungani. Mwalimu mkuu ameshasema Minza akiendelea kukosa vipindi, mtihani wa darasa la saba atausikia kwa wenzake. Ng'ombe nao hawawezi kujichunga. Sasa baba afanye nini? Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Mliniuliza nina watumiaji wangapi, nikasema arobaini na wawili. Mlipogundua arobaini na mmoja ni ng'ombe, mkacheka. Jamani! Kijana Rafaeli alisema programu yake ina watumiaji elfu tatu, mkampigia makofi, na hakuna aliyemwona hata mmoja. Mkaguzi alikuwa amefungwa pale nje, mngetoka tu mkamwona.

2. Mlisema hii siyo elimu ya mtandaoni. Machungani kwetu mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, nacho kina nyoka.

3. Mjumbe wenu alileta habari za jirani yangu Mama Generosa, eti wakati wa majaribio Mkaguzi aliingia kwenye mpunga wake. Ni kweli aliingia. Lakini Minza alimfuata, somo halikukatika, mahudhurio asilimia mia moja. Tena Mama Generosa alimkimbiza dume kuanzia mwanzo wa somo la hesabu za sehemu mpaka mwisho. Zamani angelia tu kwamba tumemmalizia mpunga. Safari hii amekwenda kwa mtendaji kueleza kwamba imeliwa tano ya nane ya jaruba. Nani kamfundisha?

4. Rafaeli ameshinda kwa programu ya kumkumbusha mtoto kwenda shule kupitia simu. Minza hana simu. Ana dume.

Naomba mrudie tathmini, safari hii huku machungani, mje na gambuti. Sitafuti sifa. Mtoto wangu ana akili, na roho inaniuma kumwona anahesabu mikia wakati wenzake wanahesabu kwenye daftari.

Nisalimieni wajumbe wote, hasa yule mama wa miwani aliyejizuia kucheka mpaka akapaliwa. Mkaguzi naye hana kinyongo.

Wenu mwenye dume,
Masele

Nyongeza: Jana, barua ikiwa bado mfukoni, spika ilifika somo la uraia. Minza akasikia kwamba kila mtoto ana haki ya kukaa darasani. Leo asubuhi kavaa sare, kanishikisha fimbo, kaondoka. Sasa ninayemfuata Mkaguzi na spika yake ni mimi. Kwa hiyo tathmini acheni, tuzo mpeni mnayemtaka. Ila kama kuna mwalimu anayeweza kupita huku jioni, namwomba sana: kigawe kidogo cha shirika kimenishinda, na Minza amesema hana muda, ana mtihani.