Mbinu ya Kioo na Shingo ya Afisa Ajira

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shemeji kaniuliza tena. Yeye ni fundi friji, na kwake kila kazi ina kifaa chake. Akataka kujua, kwa upole kabisa, mtu wa saikolojia hutengeneza nini. Nikamjibu: binadamu. Akaitazama sahani yangu, tupu kwa mara ya pili, akasema basi nianze na mimi mwenyewe.

Halafu pigo. Mama yake anahamia hapa Jumapili, na chumba atakachopewa ni hiki changu. Nikipata kazi, nitalala sebuleni mpaka nijipange. Nisipopata, narudi kwa mjomba kuuza saruji. Saruji! Mimi na shahada yangu! Dada alikuwa anakunja nguo zangu, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mumewe.

Jumanne, tarehe 5

Bahati! Duka kubwa la samani limeniita kwenye usaili kesho. Dawati la malalamiko ya wateja.

Ubaya ni kwamba Tai naye ameitwa. Tulisoma darasa moja. Jina hilo tulimpa kwa kuwa hajawahi kuonekana bila tai shingoni, hata kwenye mechi ya mpira. Amenipigia simu kunishauri, utadhani nilimwomba. Eti wenzetu wameshaingia idara za ajira, utafiti wa masoko, ushauri nasaha mashuleni. Eti niseme najua kusikiliza, kuchambua takwimu na kuandika ripoti inayoeleweka. Nikamshukuru kwa sauti ya asali. Takwimu! Nani aliwahi kupendwa kwa takwimu?

Mimi nina Mbinu ya Kioo. Mhadhara wa mwaka wa pili: ukimwigiza mtu kidogo anavyokaa na anavyosogeza mikono, atakupenda bila kujua kwa nini. Mhadhiri alisisitiza kidogo. Mimi sijawahi kuona faida ya kidogo.

Jumatano, tarehe 6

Nimekwisha.

Afisa ajira, mama wa makamo, aliingia kichwa kimelalia kulia. Nikalaza changu kushoto, kama kioo kinavyotaka. Akajikanda shingo. Nikajikanda. Akageuka mwili mzima kuchukua kalamu. Nami nikageuka mwili mzima, ingawa upande wangu hapakuwa na kitu ila ukuta. Akauliza kama naumwa. Nikasema, kwa sauti yake ileile ya taratibu, sijambo kabisa. Ndipo akanieleza kwamba alilala vibaya, shingo imekaza tangu alfajiri, na hajazoea kuchekwa ndani ya ofisi yake. Akanifungulia mlango mwenyewe. Nje, Tai anasubiri zamu. Tai mpya, ya bluu!

Sikuweza kurudi nyumbani. Shati hili dada alilipiga pasi mara mbili. Nikajitupa kwenye benchi la mapokezi.

Akaingia bibi mmoja akifoka. Kabati lake limeletwa bila milango, na hapa amekuja mpaka amechoka. Dada wa mapokezi akazama kwenye simu. Bibi akakaa karibu nami, akanimwagia yote. Sikuwa na nguvu ya mbinu yoyote, nikamsikiliza tu. Nikauliza kabati ni la nani. La binti yake, anayerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Alitaka akute chumba kimekaa sawa, asijione mgeni. Nikamwambia hilo nalijua. Kweli nalijua. Akalia kidogo, akacheka kidogo, nikamwandikia malalamiko yake kwa maneno machache yaliyonyooka.

Nilipoinua macho, afisa ajira alikuwa amesimama mlangoni, kichwa bado upande. Nikakimbia kabla hajaniitia mlinzi.

Alhamisi, tarehe 7

NIMEPATA! Miezi mitatu ya majaribio! Afisa ajira alipiga mwenyewe. Akaanza kunieleza kilichomfanya abadili mawazo, kitu fulani kuhusu yule bibi na kusikiliza, lakini nilikuwa napiga vigelegele, sikushika vizuri. Tai wamempeleka utafiti wa masoko, pamoja na takwimu zake. Maskini.

Dada alinikumbatia akalia. Shemeji akanipa mkono, akakiri kwamba huenda binadamu hutengenezeka. Nilitamani kumjibu kwa dharau, nikashindwa. Nawapenda wote wawili.

Jumapili, tarehe 10

Mama yake shemeji amefika. Naandika nikiwa kwenye kochi la sebuleni, miguu inaning'inia, moyo mweupe.

Nimelifikiria jambo hili kisayansi. Ni Mbinu ya Kioo! Ilichelewa tu kuingia, kama dawa. Jumatano asubuhi nimemwakisi yule mama, Alhamisi amenipenda. Ushahidi gani tena?

Kesho naripoti kwa mkuu wa kitengo. Nilimwona Ijumaa nilipokwenda kutia sahihi. Mtu mkali, hacheki, amevunjika mkono wa kulia, ameuning'iniza shingoni kwa kitambaa cheupe.

Nimemwomba dada mtandio wake mweupe. Akauliza wa nini. Nikamwambia ni wa kazi, akaupiga pasi kabisa. Nimeujaribu mbele ya kioo, mkono wa kushoto. Umekaa vizuri mno.