Dari Iliyotutoka

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Kuzikana,
Bulawayo.

Kwa heshima na majonzi nakutaarifu kwamba dari ya ofisi yetu haiko nasi tena. Ilikuwa nyeupe na haikumdhuru mtu. Imebanduliwa na fundi wa mapambo aliyeletwa na meneja wetu, Bwana Lwazi Masuku, ili tufanane na kiwanda. Sasa juu yetu ni mabomba matupu, plasta imechimbwa mpaka kwenye tofali, na taa zinaning'inia kama zilizokamatwa zikiiba.

Mimi ni karani wa madai. Kazi yangu kuwapokea wafiwa. Niruhusu nilalamike kwa mpangilio.

1. Meza. Hakuna mwenye meza yake. Zote zina magurudumu, kila asubuhi meza ni ya mwenye kuwahi, na upande mmoja wamepangishwa vijana wa kompyuta. Juzi MaNyathi, aliyefiwa na mumewe, alianza kunisimulia kifo hicho pale dirishani. Jana alirudi pale pale dirishani, akamalizia kwa kijana aliyeziba masikio kwa muziki, aliyekuwa akitikisa kichwa kwa mdundo. Nilipomfuata akanikemea: "Niache, baba. Huyu anasikiliza kuliko wewe."

2. Chumba cha faragha ni cha kioo. Anayelia ndani hasikiki, ila ofisi nzima inamwona. Nilipompeleka MaNyathi humo alie, vijana wakadhani anacheka, wakampungia mkono.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Wewe unajua, kwetu nyumba ikifiwa vyombo hutolewa nje, na wanawake huketi chini. Basi akaja MaTshuma, kiongozi wa wanachama wa mtaa wa Nkulumane, na wenzake, kulipa michango. Wakakuta ukumbi wa mapokezi mtupu, kuta zimechunwa, viti vya wafiwa vimeondolewa. Wakavua viatu, wakaketi sakafuni, wakaanza wimbo wa maombolezo. Mmoja akatumwa dukani kununua unga wa msiba. Bwana Masuku akateremka na kaptura yake. MaTshuma akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Ni nani?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Huu ni mtindo tu. Wa viwandani."

"Mume wangu kafanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa. Siku ya mwisho kilikuwa hivi hivi. Sema ukweli, mtoto wewe: hela zetu mmezila?"

Wakaondoka na unga wao. MaTshuma amesema Jumapili baada ya ibada wataamua: wabaki, au waje kuchukua akiba zao. Nkulumane ikijitoa, chama chenyewe kitahitaji kuzikwa, na sioni atakayechanga.

Kwa hiyo naomba dari irudi, plasta irudi, viti vya wafiwa virudi, na ipatikane meza moja isiyotembea. Yangu nimeifunga kwa kamba kwenye bomba. Hadi sasa sijaona faida nyingine ya bomba hilo.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, na mchungaji. Wasalimie na ng'ombe wako wa Gwanda, kama mvua imewakumbuka.

Wako mtiifu, popote nitakapokuwa nimeketi,
Mkhululi Sibindi,
Karani wa Madai.

Nyongeza: Leo Jumatatu, kabla sijaifunga bahasha, MaTshuma amerudi. Nikajua amefuata akiba. Kumbe amekuja na kundi zima la wanawake wa kanisani kwake, wote wanataka kujiunga. Alisimama katikati ya ukumbi akawaonyesha juu. "Wale wa chama cha ng'ambo ya barabara wana zulia na samaki ndani ya kioo. Zile ni hela za marehemu, jamani! Lakini hawa, tazameni, hata dari hawana. Hawa hawali." Wakaguna kwa heshima, wakapanga foleni kwenye meza yangu.

Tafadhali msirudishe kitu chochote.

Sikumwambia kwamba kuibandua dari kumetugharimu kuliko lile zulia na samaki wake.