Malalamiko Kuhusu Huduma Iitwayo JePriscilaAmecheka

Chama cha Wakulima wa Kahawa,
Bukiriro, Ngara.

Kwa Mama Ildefonsa, Keza.

Yah: Mwanao Novatus

Shikamoo mama. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi ni Priscila, karani wa mizani wa chama chetu cha kahawa. Nakuandikia kwa heshima kumlalamikia mwanao, aliyetutengenezea programu ya kompyuta ya kupokelea kahawa kabla ya kuhamia Mwanza mwezi Januari.

Mwezi uliopita ghala moja la Biharamulo liliomba programu yao iwasiliane na yetu. Kwa hilo linatakiwa faili la maelezo, linalotaja kila huduma iliyomo kwenye programu, inaulizwa nini na inajibu nini. Maandishi ya asili ya Novatus yalipotea na kompyuta yake iliyoibiwa stendi. Tumebaki na programu iliyokwisha kukamilika tu. Fundi Ansbert akasema si neno, kipo chombo kinachoisoma programu hiyohiyo na kuandika faili lenyewe. Akabonyeza, faili likatoka, likatumwa Biharamulo kabla hatujalisoma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huduma ya kwanza ni PimaKahawa. Ya pili ni TafutaMkulima. Ya tatu ni JePriscilaAmecheka. Inapewa tarehe, inajibu ndiyo au hapana. Kumbe miaka miwili yote meza ya Novatus ilipotazamana na yangu, alikuwa akijaza humo kila jioni kama nimecheka. Sikuombwa idhini.

2. Karani wa ghala, Bwana Rwekaza, ni mtu makini. Huduma ikiwa kwenye orodha, yeye huitumia. Kila asubuhi anauliza habari za jana, na jibu analibandika ukutani karibu na kipimo cha unyevu wa kahawa.

3. Tangu Januari jibu ni hapana. Juzi alinipigia simu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Priscila, kwani huko kuna msiba?"

4. Takwimu hizo ni za uongo. Mwezi Machi nilicheka sana, mbuzi alipokula kofia ya mwenyekiti. Hakuwepo wa kujaza.

5. Mwenyekiti wetu, Mzee Desderius, akihofia kituo chetu kushushwa daraja na ghala, ameagiza nicheke kila siku kabla ya saa kumi, mbele ya mashahidi wawili. Jana nilicheka. Shahidi mmoja akadai kicheko hakikutoka moyoni, ikaingizwa kwenye muhtasari wa kikao.

Kwa hiyo naomba umwamuru Novatus aifute huduma hiyo akiwa hukohuko Mwanza, na asikanyage tena Bukiriro.

Unisalimie bibi, wadogo wote wa Novatus, na majirani waliokusaidia kuvuna maharage.

Ni mimi mwenye malalamiko,
Priscila Ndikuriyo,
Karani wa Mizani

Nyongeza: Mama, fundi anasema haifutiki bila maandishi ya asili, hivyo itabidi Novatus aje ayaandike upya, kwenye meza ileile. Kiti nimekipangusa. Baba yangu huwa nyumbani Jumapili baada ya misa. Mshenga asitokee Biharamulo, asije akabandika jibu langu ukutani.