Kampeni ya Mkono kwa Mkono

Jumapili, 4 Mei

Nimekata shauri. Nitagombea urais wa kwaya! Si kwa tamaa, la. Ni kwa sababu ya lori. Mwezi wa nane tunakwenda Kilwa, ile ya kando ya ziwa, kuimba kwenye jubilei ya parokia, na rais hukaa mbele, karibu na dereva. Wengine wote nyuma, juu ya magunia, wakila vumbi. Na Kilwa ndiko anakokaa mama mkwe wangu. Tangu nimuoe Agnès, mama huyo ananiita "ule wa matelefone", kwa kuwa natengeneza simu. Safari hii lazima anione nikishuka kutoka kabini, nimevaa koti. Nikishuka kutoka nyuma, mweupe kwa vumbi, nimekwisha.

Mpinzani wangu ni Mama Gracia wa sauti ya alto. Hana mbinu yoyote. Anatabasamu tu, na watu wanampenda.

Jumanne, 6 Mei

Nimejikata kidole gumba kwa kioo cha simu ya mteja. Kimevimba. Mulamu wangu Léa, mdogo wake Agnès, ni muuguzi. Amesema ninawe kwa sabuni, nifunge kitambaa safi, niende dispensari. Dispensari! Kwa kidole!

Nina droo yangu. Humo mna antibiotiki zilizobaki kutoka kila ugonjwa: kikohozi changu, jino la Agnès, tumbo la jirani. Mimi simalizi dawa. Nikipata nafuu naacha, naweka akiba. Leo nimemeza vidonge viwili, cha tatu nimekifungua na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Rangi ya njano, imependeza.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi. Mama Gracia ameweka mlangoni ndoo yenye robine ya kufungulia maji, na kipande cha sabuni. Eti tunashika vitabu vilevile vya nyimbo, ni vizuri kunawa. Rushwa ya wazi! Sabuni ya bure, wiki moja kabla ya uchaguzi! Nimewaonya watu wangu, matenori na mabesi: anayenawa pale amempigia yeye kura. Tumeingia na mikono yetu kama tulivyokuja nayo.

Kidole kinatoa usaha. Nimevua kitambaa. Mgombea aliyefungwa kitambaa anaonekana dhaifu.

Jumapili, 11 Mei

Siku kubwa! Padri aliposema tutakiane amani, nikaondoka kitini. Nimeshika mkono wa kila tenori na kila besi, kwa mikono miwili, kwa kubana. Mwelwa, rafiki yangu na mkuu wa kampeni, nimemrudia mara ya pili. Kila mmoja nilimnong'oneza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Misa ikaendelea, mimi bado niko katikati ya mabesi. Padri alinitazama vibaya. Hajui siasa.

Akina mama wa alto nao walinipa mkono, wana adabu. Ila baada ya misa niliwaona wamejipanga kwenye ile ndoo, wote. Wivu tu.

Jumatano, 14 Mei

Homa. Kidole kimekuwa kama kiazi. Vidonge vya droo havifanyi kitu, hata nikiongeza. Agnès amesema mficha maradhi kifo humuumbua, akanivuta mpaka kwa Léa. Léa amechukua usaha, umepelekwa maabara. Sikulia. Macho yalitoa maji yenyewe.

Jumamosi, 17 Mei

Jibu limetoka. Vijidudu vyangu havisikii dawa! Vimejaribiwa kwa karibu kila kilichomo kwenye droo yangu, vikaendelea kuzaana. Inabaki dawa moja ya sindano, nimeanza kuchomwa leo. Léa anasema ni mimi niliyevifundisha: kila nilipokatiza dawa, vile dhaifu vilikufa, vile vigumu vikabaki na kuzaa. Tena vinapita kwa mikono. "Mulamu, uko unajiua, na benzako uko unabaua," aliniambia. Eti nawaua wenzangu!

Kusema kweli niliona fahari kidogo. Vijidudu vya mtu mwingine vingekufa zamani.

Jumapili, 18 Mei

Uchaguzi. Viti vya matenori, vitupu! Vya mabesi pia, isipokuwa kimoja. Huyu ana jipu kwapani, yule kwenye paja, hawezi kukaa. Alto wote walikuwapo, wazima, wananukia sabuni. Nimepata kura yangu, na ya mzee mmoja wa besi aliyeinua mkono kwa kujinyoosha tu. Mama Gracia ndiye rais.

Mchana nilikwenda kumwona Mwelwa hospitalini. Jipu lake liko shingoni. Limepasuliwa, lakini homa haishuki. Nilimpelekea vidonge vya droo, Léa, aliyekuwa zamu pale, akaninyang'anya mbele ya wagonjwa. Mwelwa akanyoosha mkono anisalimie, Léa akauzuia. Yule mtu bado alitaka kunipa mkono! Niliogopa. Nilimwogopea sana, na nililia njia nzima mpaka nyumbani, Kamalondo.

Jumapili, 25 Mei

Mwelwa amerudi nyumbani! Anakula bukari, tonge kubwa kubwa, anatukana, ni yeye kabisa. Basi hakukuwa na jambo kubwa. Kidole changu nacho hakiumi, kwa hiyo sindano nimeziacha tangu juzi. Léa hajui.

Mama Gracia amenipa cheo: msimamizi wa ndoo. Kila anayeingia anawe mbele yangu. Agnès amecheka mpaka akakaa chini. Halafu rais akatangaza mipango ya Kilwa. Ndoo itasafiri kabini, katikati yake na dereva, robine isije ikavunjika. Msimamizi atakaa nyuma, kwenye magunia.

Nimeumia. Lakini nimefikiri. Uchaguzi mwingine ni mwakani, na hakuna mtu wa kwaya anayeweza kuingia bila kupita kwangu. Hata alto! Kwa hiyo leo nimeanza kampeni mapema. Kila aliyemaliza kunawa nimempa mkono.