Jani Lililonyauka Kilimani

Jumatatu, tarehe 7

Sijakaa tangu asubuhi. Kiti cha kiongozi wa wasanifu kiko wazi! Mkurugenzi ametutangazia kikaoni. Ijumaa ataendesha gari la kampuni hadi kilimani kwenye vinu vya upepo, pamoja na wageni wawili wanaotaka kununua ramani yetu ya magari ya umeme. Ataongozwa na usanifu mmoja kati ya miwili. Ukiwapendeza wageni, mwenye usanifu anapewa kiti. Mmoja ni wangu. Mwingine ni wa Mpole, jirani yangu wa meza, anayekunywa chai bila kutoa sauti. Huyo ni wa kuogopwa. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Kazi ya ramani ni kumwongoza dereva achaji gari pale ambapo umeme unatoka kwenye jua au upepo, si kwenye makaa ya mawe. Mpole ameweka nukta ya kijani kwa kituo chenye umeme safi, ya kijivu kwa kisicho nao, dereva achague. Achague! Ukimpa dereva nafasi ya kuchagua, atachagua uvivu. Mimi nimeweka jani. Umeme ukiwa safi, jani linachanua. Ukiwa mchafu, jani linanyauka, kituo kinafutika kwenye ramani, na yanatokea maneno: Subira yavuta heri. Nilipoyaandika machozi yalinilenga.

Jioni nimempigia mama mkwe, nikamwambia kiti nimekipata. Kukipata na kukaribia kukipata, tofauti iko wapi?

Jumanne, tarehe 8

Nimemwomba mama mkwe aijaribu ramani kwenye kigari chake cha umeme. Kosa! Amerudi amenuna. Anasema alikuwa amesimama mbele ya kituo, anakiona kwa macho yake mawili, na ramani inamwambia hakuna kituo. Nikamweleza kwa heshima kwamba upepo ulikuwa umetulia. Akasema upepo unaweza kutulia, kibofu chake hakiwezi. Akauliza nambari ya ofisini apeleke malalamiko. Nikamwambia asijisumbue, mama, malalamiko yote yanakuja kwangu, si mimi ndiye kiongozi?

Mke wangu anasema nimsikilize mama yake. Nimemsikiliza. Kwenye ripoti nimeandika: mtumiaji mmoja, ameguswa sana.

Jumatano, tarehe 9

Jambo la ajabu. Mkurugenzi ameuliza tuanze na usanifu wa nani, na Mpole akasema hana neno, utumike wangu. Hana neno! Mtu asiye na neno ana kitabu kizima. Nimezunguka meza yangu mpaka mhasibu akaniomba nikazunguke nje. Nimeangalia hali ya hewa: Ijumaa jua kali, upepo wa kutosha. Sasa mtego uko wapi?

Nimeugundua mchana, nikaacha chakula. Gari la kampuni lina betri iliyojaa! Litapanda kilima na kushuka bila kuchaji hata mara moja. Jani langu litakaa pale pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Mpole alilijua hilo. Mjanja kweli huyu.

Lakini hajui anacheza na nani.

Alhamisi, tarehe 10

Nimeomba funguo za gari. Nimesema nataka kuwaoshea wageni gari. Mkurugenzi akanisifu kwa moyo wa kujituma.

Kumaliza betri ni kazi ya jasho. Nimewasha taa zote, redio, vifuta mvua, na hewa ya moto mpaka mwisho, kisha nikazunguka maegesho mchana kutwa. Mlinzi akauliza kama nimepotea. Nikamwambia nafanya utafiti. Akasema basi utafiti huo unanipika. Nimeshuka shati limelowa, betri imebaki kidogo tu. Kesho Mkurugenzi atalazimika kuchaji, jani litachanua mbele ya wageni, na kiti ni changu!

Gari sikuliosha. Nilisahau.

Ijumaa, tarehe 11

Mawingu. Mawingu kuanzia upande huu hadi ule! Na upepo haukutikisa hata unyasi.

Mkurugenzi aliposhika usukani akauliza mbona betri iko chini, tena gari ni chafu. Nikasema magari ya umeme yana tabia zake. Mimi nilikaa mbele. Nyuma walibanana wageni wawili na Mpole. Tukapita kituo cha kwanza. Jani likanyauka. Tukapita cha pili, madereva wanachaji na kutupungia mkono. Subira yavuta heri. Mgeni mmoja akauliza kama vile vilikuwa vituo. Nikamwambia inategemea una maana gani ukisema kituo. Mkurugenzi akataka kusimama cha tatu. Nikamsihi awe na imani.

Gari likazimika chini ya kilima. Juu yetu kinu kikubwa cha upepo kimesimama, hakigeuki.

Tukashuka kusukuma. Na hapo ndipo upepo ulipoanza! Kinu kikazunguka, jani likachanua skrini nzima, likatuambia hongera, chaji sasa. Kituo kiko juu kileleni. Wageni wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Haikupasuka. Badala yake akaja mama mkwe na kigari chake, amejipamba, amekuja kushuhudia mkwewe akiheshimiwa. Kumbe Jumanne ileile alipiga simu ofisini, Mpole akapokea, akamwekea nukta zake. Mama akawaeleza wageni kwamba ya kijivu anaiacha kwa siku ya dharura. Jana asubuhi aliona kijivu, akangoja kwa hiari yake mpaka jua la mchana likaigeuza kijani, na leo betri imejaa. Halafu akamshika Mkurugenzi mkono, akamshukuru kwa kumpa mkwewe uongozi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia chini ya kilima. Mkurugenzi na wageni wakapanda kigari cha mama mkwe. Mimi na Mpole tukabaki kusukuma. Njiani akaniuliza kwa upole kama nimechoka. Nikasukuma kwa nguvu zaidi.

Jumapili, tarehe 13

Mpole ni kiongozi. Wageni wamenunua nukta. Nimepewa kazi ya kuchagua ukubwa wa nukta ya kijivu. Nyumbani mke wangu haongei nami, na mama yake anaongea nami sana.

Nimelala chali siku mbili nikijiuliza nilikosea wapi. Leo nimepata jibu: hali ya hewa! Usanifu hauna kosa lolote. Unataka tu jua, dereva mwenye imani, na betri iliyokaribia kuisha.

Mkurugenzi anampenda sana mama mkwe, na Jumatano amemwalika ofisini na kigari chake. Utabiri unasema jua kali. Nimemwomba mama funguo. Nimemwambia nataka kumwoshea gari.