Upasuaji wa Mti Uliolalia Wodi ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hajafika lakini kiti chake mnakiona kimepanguswa vizuri. Bwana Chifu na wasaidizi wake. Wachungaji, Mapadre na Wazee wa Kanisa, nikiwemo mimi mwenyewe. Sista Beverlyne, mkuu wa zahanati hii na pia mfanyakazi wake wa pekee. Akina mama wa soko la Rangwe mliofunga vibanda vyenu. Ndugu zangu wa kutoka Kehancha mliobadilisha magari tangu alfajiri. Mabibi na mabwana, hamjambo? (Hatujambo.) Nyumbani kwema? Watoto wazima? Ile homa ya mvua imewaachia? Nami kwa neema ya Mungu ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo goti tutaliongelea siku nyingine.

Naitwa Cephas Mirumbe, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Upasuaji wa Miti, Ukanda wa Migori na Homa Bay, na nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mwingi, ingawa cheo chenyewe, kama mlivyosikia, ni kirefu. (Makofi ya hapa na pale.) Mnauona ule mkaratusi nyuma yangu. Mnaliona lile tawi kubwa lililopasuka siku ya upepo, ambalo sasa linaning'inia juu ya mabati ya wodi ya wazazi. Na mnamwona mwanamke aliyeketi benchi la mbele ameshika kiuno. Huyo ni Phanice, mke wa mwanangu, ambaye uchungu umemshika tangu asubuhi na amekataa katakata kuingia wodini. Phanice, mwanangu, bado msimamo ni ule ule?

(Phanice: "Baba, siingii chini ya hilo tawi. Wewe endelea na hotuba yako.")

Mnasikia adabu hiyo. Naendelea.

Kwanza niweke wazi neno lenyewe, upasuaji, kwa maana limeanza kuniletea shida. Tangazo nililobandika sokoni lilipaswa kueleza mradi kwa kirefu, lakini karatasi iliishia kwenye vyeo vyangu, kwa hivyo chini kabisa nikaandika tu: Upasuaji, zahanati, Ijumaa, wote karibuni. Sasa naambiwa Mzee Osoro amekuja na ngiri yake. (Mzee Osoro: "Na sijala tangu jana. Hata maji sijagusa.") Pole, Mzee wangu. Mpeni uji huyo mzee. Naambiwa tena kwamba Bwana Ratemo na mwenzake wametoka Kehancha na msumeno begani, kwa sababu kwao upasuaji ni wa mbao. (Ratemo: "Kupasua ni kupasua, Mzee. Magogo yako wapi?") Magogo hakuna, Bwana Ratemo. Keti usikilize, maana upasuaji ninaouzungumzia ni wa kitaaluma, wa kuutibu mti ukiwa umesimama, kuondoa kilichooza na kuacha kizima, na taaluma hiyo, kufuatana na fizibiliti, yaani utafiti, niliyoifanya mimi mwenyewe kwa miguu, inahitajika katika asilimia themanini na saba ya miti yote kuanzia Magunga mpaka mpakani. (Mnong'ono wa mshangao.)

Nikija kwenye kipengele cha vifaa, na hiki ndicho moyo wa lojistiki nzima, mchague kifaa kwa kazi na si kwa rangi. Hii mnayoiona mezani ni pawa, msumeno wa injini. (Watu wanasimama kuitazama.) Pawa ya kukata magogo shambani ni ndefu na nzito, ya kupanda nayo juu iwe fupi, nyepesi, mtu aweze kuishika akiwa amefungwa kwa mkanda kwenye shina. Mnyororo wake unolewe kabla haujalalamika. Ukiona inatoa unga kama wa mahindi badala ya vipande, ujue ni butu, na mashine butu humfanya mtu asukume, na anayesukuma akiwa juu ya mti amekwisha anza safari ya kushuka. Petroli ichanganywe na oili yake, chujio la hewa lipigwe brashi kila jioni, na isihifadhiwe chini ya kitanda.

(Mama Rispa, muuza omena: "Jaduong', mzee wetu, iwashe basi tusikie mlio.")

Mama Rispa, hii ni ya maonyesho.

(Mama Rispa: "Na huyo mtoto naye atazaliwa wa maonyesho?" Kicheko kikubwa.)

Tulieni. Kipengele cha kamba. Kamba ya mkonge iliyolala mvuani usiiamini hata kufunga mbuzi. Chagua ya nailoni, nene, ipitishe yote mkononi kabla ya kazi, na ukigusa mahali palipochanika au palipokuwa pagumu kwa kuungua, iache ikawe kamba ya kuanikia nguo. Kama mnataka mfano wa kamba nzuri, tazameni hii inayoshikilia hema tuliloketi chini yake, ambayo ni mpya kabisa, ya... Bwana Ratemo, unafungua nini?

(Ratemo: "Nimeisikiliza hotuba, Mzee. Naipitisha mkononi. Ni nzuri kweli." Hema linainama upande wa kiti cha Mgeni Rasmi.)

Nilisema kwa mfano tu. Haya. Wale wa upande huo sogeeni huku. Tunaingia kwenye usalama wa wafanyakazi, ambapo menejimenti yangu haina mzaha. Kichwa kivikwe kofia ngumu, na kofia yenye ufa, hata ukiupaka rangi, ni sufuria. Hii hapa niliyoishika... (Mwenzake Ratemo anaipokea kwa mikono miwili, anaivaa, anashukuru.) Ero kamano nawe pia, kijana. Rudisha ikiwa safi.

Mabibi na mabwana, gari. (Makofi, kwa kuwa watu wanapenda magari.) Gari la kazi ya miti halichaguliwi kama la harusi. Liwe na kitanda kirefu cha kubebea matawi na springi za kustahimili uzito, ndoano imara nyuma, na liweze kuingia palipo na tope na kutoka bila kuita kijiji. Kila asubuhi dereva aangalie oili, maji, breki na pumzi ya magurudumu, na jioni atoe majani yaliyoingia penye injini, maana majani makavu na moto hawajawahi kuelewana. Pikapu ile pale ni kielelezo. Najua inanuka tumbaku, nami kama mzee wa kanisa naomba radhi kwa harufu hiyo, lakini nguvu yake ni ya kumsifu Mungu. Ina uwezo wa kuvuta hata tawi kama lile pale bila kukohoa. Stanley, dereva, simama watu wakuone. Stanley. Mbona unaiwasha?

(Stanley: "Si umesema inavuta, Mzee? Ratemo ameshafunga kamba.")

(Watu wote wanageuza viti. Ratemo na mwenzake wako juu ya mkaratusi. Msumeno unasikika.)

Wakati wataalamu wakiendelea na... wakiendelea na maonyesho, mimi niendelee na takwimu. Katika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha, mradi wangu ulilenga, wewe kijana, usisimame chini ya mti, njoo huku. Ulilenga, kwa kushirikisha wadau wote, Sista, watoe wale wagonjwa wa mlango wa pili. Ulilenga, Stanley, polepole, kaza kamba kwanza, usirushe, ivutie mbali na mabati, mbali na mabati nimesema. Baba yetu uliye mbinguni, lipeleke upande wa choo.

(Kishindo. Vumbi. Mabati ya wodi yako salama. Choo pia kiko salama. Vigelegele.)

(Phanice anainuka, anamshika Sista Beverlyne mkono, anaingia wodini.)

Naomba mketi. Ketini, tafadhali, bado nina hotuba. Ngojeni nipanguse macho, hili vumbi ni kali. Kwa mamlaka niliyo nayo, natangaza kwamba Awamu ya Kwanza imekamilika kwa asilimia mia moja. Tawi bovu! (Chini!) Kamba nzuri! (Juu!) Akina mama! (Ndani!)

Sasa shukrani, na nifupishe, kwa maana jua linateremka na Sabato ikiingia sitashika maiki. Namshukuru shemeji yangu mwenye pikapu, ambaye anaisubiri apakie tumbaku yake. Nalishukuru kanisa kwa hema, na kamba watarudishiwa. Namshukuru fundi aliyeniazima pawa isiyo na injini ndani. Naishukuru Serikali, ambayo haina habari. Ndugu zangu, niliingia ofisi hii nikatoka ile, kila karani akaniambia mti wa zahanati haukatwi bila mradi. Mradi ukatoka wapi? Mimi ni karani wa mnada wa ng'ombe tu. Kwa hivyo Jumatatu nilipiga magoti, nikaomba, nikainuka nikiwa Mratibu Mkuu. Mradi huu hauna ofisi, hauna faili, hauna bajeti wala mfanyakazi, na haujawahi kuwepo hata siku moja.

(Mama Rispa: "Basi hayo makofi tulimpigia nani?")

Mpigieni Ratemo. (Makofi marefu.)

Na wewe Sista Beverlyne, najua dirisha hilo liko wazi na unanisikia. Mimi nitakaa hapa hapa chini ya hema lililoinama, pamoja na Mzee Osoro na uji wake. Tafadhali, akishazaliwa, wa kike au wa kiume, nijulishe mapema.